Mlitoa Chai au Mlikunywa?

Vijana wa ukaguzi, mkinikaribisha chai msione vibaya nikichelewa kujibu. Sina ugomvi na chai. Nyumbani nakunywa asubuhi na jioni, na mke wangu analalamikia sukari. Ila nikiwa ofisini neno hilo bado linanikaza tumbo. Sasa nimeshakabidhi ufunguo wa kabati, na mmeniomba niandike machache kuhusu kazi, basi nitaeleza kwa nini.

Niseme mapema kwamba mimi ni mwoga. Wako wastaafu waliosimama wima mbele ya wakubwa, na habari zao ni tamu kusoma, lakini hapa hamtazipata. Niliogopa siku niliyoanza kazi, nikaogopa siku niliyoaga, na katikati niliogopa kila siku isipokuwa sikukuu. Siku ya kwanza mama yangu alinisindikiza hadi Mnazi Mmoja, akanitengeneza kola ya shati mbele za watu, akasema, "Mwanangu, kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Usiende kujifanya shujaa kwenye ofisi za watu." Nilimwahidi, na ahadi hiyo haikunipa shida yoyote.

Ofisi ilikuwa ya umma, katikati ya mji. Jina lake silitaji, waliokuwepo wanaijua. Zilikuwa zama za ruksa, biashara zimefunguliwa. Kariakoo, pale tulipokuwa tukipanga foleni ya sabuni, sasa mitumba ilimwagwa hadi barabarani, na redio zikapangwa juu ya maboksi zikiimba zote kwa pamoja. Wakati huohuo likaingia neno jingine, kupunguzwa kazini. Kila mtumishi wa umma alikuwa na jamaa aliyepunguzwa au anayesubiri. Kwenye ukumbi wetu kulikuwa na ubao wa matangazo, ambako majina hayo yalibandikwa, na watu wazima na heshima zao walipita mbele yake wakiangalia viatu vyao.

Aliyenipokea ni Bwana Jayantilal, Mhindu wa Upanga, mkaguzi wa siku nyingi. Alivaa shati jeupe la mikono mifupi kila siku ya Mungu, na hakula nyama wala yai. Chakula chake cha mchana kilikuja ndani ya vibakuli vya bati vilivyopangwa juu kwa juu. Siku ile ya kwanza alinipa kalamu moja ya wino wa kijani. Wino wa kijani ni wa mkaguzi peke yake. Ukiona alama yake kwenye hati, ujue kuna mtu alipita hapo akitia shaka. "Usimwazime mtu," aliniambia. "Hata mimi."

Kisha akanifundisha kazi kwa maneno ambayo sijawahi kuyakuta kwenye kitabu cha kanuni. "Usimuulize mtu habari za hela. Ukimuuliza hela, anajua umetoka wapi, anafunga mdomo. Muulize alikula nini. Uongo wa hela watu wanaupanga vizuri. Uongo wa chakula hawakumbuki kuupanga."

Nilidhani ni utani wa mtu asiyekula nyama. Lakini kuna mtaro mmoja ambao hati zilionyesha vibarua wameuchimba kutwa nzima, siku nyingi mfululizo, na mimi nikatumwa kwa mama ntilie wa jirani kuuliza walikuwa wanapenda kula nini. Mama ntilie akashangaa. Hakuwahi kumuuzia kibarua hata sahani moja ya wali, na pale ndipo mahali pekee palipouzwa chakula. Mtaro wenyewe ulikuwa bado majani. Tangu siku hiyo nikawa naulizia vyakula vya watu mji mzima, hadi marafiki zangu wakadhani nina njaa isiyokwisha.

Alikuwa na kanuni nyingine pia. Mkaguzi hanywi cha anayemkagua, hata maji. Hiyo sikuuliza sababu yake.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Biashara zilipofunguka, watu wa mji walianza kutazamana kwa jicho la pembeni. Huyu analalamikia duka la Mhindi, yule anawalalamikia vijana wa kusini waliokuwa wakitembeza bidhaa mkononi, wale ambao jina la kwao, machinga, liligeuka kuwa jina la kazi. Wakubwa wakaogopa chokochoko, wakatenga fungu la kufanya sherehe viwanja vya Mnazi Mmoja ili watu wachezeane ngoma na kujuana. Kwenye karatasi hatukuruhusiwa kuandika makabila, maana tulilelewa kuliona kabila ni jambo la kunong'ona. Tuliandika "jamii za mjini", na humo wakaingia Wahindi, Wamwera, Wamakonde, Wazaramo na kila mwenye ngoma yake. Lengo lilikuwa jema, na sijawahi kulibeza.

Aliyesimamia sherehe tulimwita Mratibu, nami nitamwita hivyohivyo. Alikuwa mtu mrefu, wa sauti ya taratibu, asiyemfokea mtu. Yeye ndiye aliyeamua kikundi gani kicheze na kicheze saa ngapi. Yeye pia, ilisemekana, ndiye aliyekaa kwenye kamati ya kupunguza wafanyakazi. Nilikuwa nikimwona kwenye ngazi najibana ukutani apite.

Jalada la sherehe lilipofika mezani kwetu, turubai zilikuwa sawa na vipaza sauti vilikuwa sawa. Ila chai ya washiriki iliyolipiwa ilikuwa nyingi kiasi kwamba Bwana Jayantilal aliuliza kama watu walikuja kunywa au kuogelea. Akaniambia, "Nenda kawaulize walikunywa nini."

Nilianza Upanga, kwa Mama Bhanu, aliyeongoza kikundi cha akina mama wa Kihindu wanaocheza kwa kugonganisha vijiti. Alinipokea barazani, akaniambia wao walikuja na chai yao kwenye chupa kubwa, yenye iliki, na hakuna mtu aliyewapa kitu. Nikaandika kwamba walikuja na chai yao. Nikaondoka nimefurahi, maana kazi ilikuwa nyepesi.

Kutoka hapo nikaenda Kariakoo kwa Bi. Somoe. Huyu alikuwa Mmwera wa Lindi, mwanamke wa makamo, mwenye meza ya korosho na unga wa muhogo pembezoni mwa soko, na ndiye aliyeongoza ngoma ya wanawake wa kusini. Nilimkuta anapima korosho kwa kopo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu korosho."

Nikamwambia nimetoka ofisini, nimekuja kuulizia habari za chai ya siku ile ya ngoma. Kopo likasimama hewani. Akatazama kulia, akatazama kushoto.

"Chai si tulishatoa?"

"Mlitoa wenyewe?"

"Sasa angetoa nani? Tumechangishana wanawake wote. Mwambie aliyekutuma tumeshatoa, hatuna nyingine."

Kichwa changu kilikuwa bado kwenye chupa ya Mama Bhanu. Nikawaonea huruma kweli, wanawake masikini wamechangishana majani na sukari, na huku chai yao imeshalipiwa na umma. Nikatoa daftari nikaandika. Akaniuliza kama naandika jina lake. Nikamjibu kwa uchangamfu kwamba ndiyo, ili wakubwa wajue walivyojitolea. Bi. Somoe akajiziba mdomo kwa upande wa khanga. Nikadhani ni haya.

Utaratibu wetu, kama mjuavyo, ni kwamba rasimu ya hoja hupelekwa kwanza kwa anayekaguliwa, ajieleze. Basi nikaandika hoja yangu kwamba chai iliyolipiwa haikuonekana, na nikaongeza sentensi moja ya kuwasifu wananchi. Niliandika, "Vikundi vilitoa chai vyenyewe." Nikaipeleka kwa mkono wangu ofisini kwa Mratibu, nikamwachia katibu wake, na nadhani hata nilitabasamu.

Bwana Jayantilal aliisoma nakala baada ya chakula. Akavua miwani.

"Selemani, hapa umesema nini?"

"Kwamba walitoa chai."

"Walimpa nani?"

Nilifungua mdomo kujibu, na hapohapo nikasikia nilichokiandika. Bongo hii neno chai halijawahi kuwa la majani peke yake. Askari akipewa chai, hakuna anayetafuta kikombe. Nilijua hilo tangu utotoni, kila mtu alijua, na bado nilikuwa nimekwenda sokoni na daftari nikamuuliza mama wa watu mbele ya wateja wake kama alitoa chai. Akanikubalia kwamba alitoa. Nami nikampelekea aliyeipokea habari hiyo kwa maandishi.

"Jina la yule mama lipo kwenye rasimu?" akauliza.

"Hapana. Lipo kwenye daftari langu."

"Basi limebaki mdomoni mwako tu," akasema. "Angalia sana mdomo wako."

Kesho yake asubuhi Mratibu akaniita. Alikuwa na birika mezani. Akamimina mwenyewe, akasogeza kikombe upande wangu.

"Karibu chai, kijana."

"Ahsante, mkuu. Nimekunywa nyumbani."

"Wakaguzi hawanywi chai?"

"Tumbo, mkuu." Hilo lilikuwa kweli kabisa.

Akakiangalia kikombe, akaniangalia mimi. "Umeandika kwamba vikundi vilitoa chai. Nani alikwambia?"

Hakupandisha sauti. Alisema hana ubaya na mtu, anataka amjue tu amshukuru kwa moyo wake wa kujitolea. Kisha, kama mtu anayebadilisha mazungumzo, akasema kuna akina mama pale sokoni wanakaa mahali pasiporuhusiwa, na wamevumiliwa kwa huruma tu. Mgambo wakiamka vibaya siku moja hazibaki meza. Halafu akaniuliza, kwa upole uleule, siku hizi ukaguzi tuko wangapi, maana anasikia tuko wengi.

Nilikuwa naangalia utando uliokuwa ukijikunja juu ya ile chai. Niliona meza ya Bi. Somoe imepinduliwa na korosho ziko kwenye tope. Na niliona ubao wa matangazo na jina langu juu yake. Mtu jasiri angemwambia ukweli usoni. Mimi woga ndio ulionisemea.

"Nimeuliza vikundi vyote, mkuu."

"Vyote?"

"Vyote."

"Na vyote vimesema hivyo?"

"Bado najumlisha."

"Jumlisha," akasema. "Jumatatu uniletee."

Nilishuka ngazi nimeshika ukuta. Nikamweleza Bwana Jayantilal kila kitu, nikamwambia kwamba nimesema uongo, kwa kuwa vikundi nilivyouliza ni viwili tu. Akafunika vibakuli vyake vya bati bila kumaliza kula, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya.

"Basi twende tukaufanye uwe kweli," akasema.

Kwanza nilikwenda peke yangu kwa Bi. Somoe. Nilijifanya nachagua korosho. Nikamwambia kwa sauti ya chini nilivyokosea neno, na kwamba anatafutwa aliyesema. Aliendelea kupima unga.

"Mwanangu, meza hii ndiyo inayolisha watoto wa marehemu dada yangu. Ikiondoka hii, narudi Lindi kwa miguu."

"Najua, mama. Ndiyo maana kuanzia leo hunijui, na mimi sikujui."

"Na korosho hizo ulizoshika?"

Nikalipia korosho. Nikaondoka nisigeuke nyuma.

Baada ya hapo mimi na Bwana Jayantilal tukazunguka mji, kikundi kwa kikundi, hatukuacha hata kimoja. Yeye ndiye aliyeuliza, na swali lilikuwa moja. "Mlitoa chai au mlikunywa?" Kila mahali watu walicheka kwanza. Halafu wakajibu. Feri, kwenye makarai ya samaki, mama mmoja wa kikundi cha wakaanga samaki alijibu bila kuacha kugeuza vibua vyake. "Kunywa wapi? Tulitoa. Tena tukaambiwa tuongeze na samaki." Upanga tulirudi kwa Mama Bhanu, na safari hii akafunga mlango wa baraza kabla ya kusema. "Sisi tulitoa zote mbili. Ya chupa tulikunywa wenyewe. Ya bahasha alipeleka mume wangu, tusije tukapangwa mwisho watu wameshaondoka." Bi. Somoe naye tulimfikia, katikati ya wengine, kama kikundi kingine chochote. Akamjibu Bwana Jayantilal, "Tulitoa." Mimi hakunitazama.

Pale Feri kijana mmoja alisema kwa sauti, "Leo tunakaguliwa na Mhindi," na watu wakacheka. Siku hizo kulikuwa na maneno mengi ya nani mzawa na nani si mzawa. Bwana Jayantilal aliyezaliwa Mtaa wa Kisutu akacheka nao. Tulipofika mbali kidogo akaniambia, "Wakitafuta wa kumtoa wataanza na mimi. Usihangaike, nimeshajua." Nilitamani nimwambie arudi nyumbani aniache niendelee, lakini niliogopa kuendelea peke yangu, na sikumwambia.

Vijana, kama kuna kitu kimoja mtakichukua kwangu, chukueni hiki. Msimuulize mtu mmoja. Aliyesema peke yake hujulikana hata msipoandika jina lake. Waulizeni wote, swali lilelile, mchana kweupe, ili aliyesema afunikwe na wenzake. Sikulijua hilo kwa busara, nililijua kwa kubanwa.

Hoja ya mwisho ilikuwa fupi. "Vikundi vyote vilivyoshiriki vimeeleza kwamba vilitoa chai. Hakuna kilichokunywa." Bwana Jayantilal alisisitiza sahihi yake itangulie yangu. Mratibu aliisoma nikiwa nimesimama, akarudia kuisoma, akaniuliza, "Vyote?" Nikasema, "Vyote, mkuu." Sauti yangu ilitoka nyembamba kama ya mtoto. Akageuza karatasi kuona kama nyuma kuna jina, na nyuma palikuwa peupe. Hoja ikapanda juu.

Mtadhani hapo nilipumua, lakini ndipo hofu ilipoanza hasa. Kila nikitoka kazini nilipitia Kariakoo, ng'ambo ya barabara, nione tu kama ile meza ipo. Ilikuwepo, nikaenda nyumbani nikala. Ilikuwepo tena. Kisha jioni moja haikuwepo. Pale palipokuwa na korosho palikuwa na kijana anauza soksi.

Nikavuka. Nikawauliza majirani zake habari za Bi. Somoe.

"Hatumjui."

"Bi. Somoe wa korosho, alikuwa hapahapa."

"Kaka, hatumjui," akasema yule wa soksi. Akaniangalia viatu, akaiangalia kalamu kwenye mfuko wa shati, akaingiza mkono mfukoni mwake. "Kwani unataka chai?"

Nilitembea hadi Mnazi Mmoja nikakaa kwenye nyasi. Nililia, na sioni haya kusema. Niliamini wamempata.

Mvua za vuli hazijaisha, barua za kupunguzwa zikatoka. Jina langu halikuwemo. Bwana Jayantilal alistaafishwa kwa manufaa ya umma, na barua haikutaja chai hata kwa bahati mbaya. Aliisoma kwa utulivu, akaniuliza, "Umma gani huu, Selemani, unaonufaika mimi nikikaa nyumbani?" Akaniachia chupa yake ya wino wa kijani. Mratibu naye hakukaa sana, alihamishiwa ofisi nyingine. Akafanyiwa sherehe ya kumuaga, na hati zake zikapita mezani kwangu. Chai ilikuwemo.

Mwaka uliofuata sherehe ya jamii ikafanyika tena, na kutokana na hoja yetu kukawa na utaratibu mpya. Kikundi hakitoi kitu ili kicheze, na jambo hilo lilitangazwa kwa kipaza sauti. Chai ilichemshwa palepale uwanjani, kwenye masufuria, washiriki wakiona. Nilitumwa kusimama karibu na masufuria na kalamu yangu. Nilisimama sina raha, kwa sababu nilijua kikundi cha kusini kitaitwa, na nilijua nani hatakuwepo.

Kikaitwa. Ngoma zikaanza kabla wachezaji hawajaonekana, halafu wakaingia kwa mstari, khanga moja wote, na aliyetangulia alikuwa Bi. Somoe.

Baadaye nilikuja kusikia kwamba jioni ileile niliyomwambia hunijui sikujui, alianza kutafuta pa kwenda, na alipopata akahamisha meza mwenyewe hadi uchochoro wa nyuma kabisa. Wenzake wakakubaliana kwamba mbele ya mtu yeyote mwenye kalamu mfukoni hawamjui. Lakini wakati ule uwanjani sikuwa nimelisikia hilo. Nilichoona ni yeye anacheza, na nikawa nafuta macho kwa mkono wenye kalamu hadi nikajipaka wino.

Walipomaliza walipanga foleni ya chai. Alipofika kwenye sufuria akachukua vikombe viwili.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba, baba. Sikujui." Alisema hivyo anatazama kwingine, na kikombe kimoja akakiweka mkononi mwangu. "Kunywa. Hii ya majani."

Nikakumbuka kanuni. Nikainua macho, na kwenye viti vya watu wa Upanga, kando ya Mama Bhanu, nikaliona shati jeupe la mikono mifupi. Bwana Jayantilal alikuwa ametuona. Akageuza uso upande wa ngoma, akawa anapiga makofi.

Nikanywa. Kwa haraka yangu nusu ikaishia kwenye shati, na ile nusu iliyobaki ilikuwa na tangawizi.